Samaki anayeishi ndani ya magadi

Haya jamani, huko nyuma mnanipata? Poa. Nani hapa maharage yashawahi kumgomea akatupia magadi kidogo? Naona mikono mingi. Sasa kuna samaki anaishi humohumo kwenye magadi maisha yake yote, tena ya moto.

Yuko Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya. Ziwa lenyewe sehemu kubwa ni gamba jeupe la magadi, maji utayakuta pembezoni tu kwenye chemchemi za moto, na ndo makazi ya tilapia wa Magadi, wataalamu wanamwita Alcolapia grahami. Ni kasamaki tu, kwa sufuria ya familia hata usihangaike. Ila maji yake yanafika digrii 42 na pH, kile kipimo cha ukali wa asidi au magadi, ni kama 10 hivi, ukitia mkono unateleza utadhani umeshika sabuni.

Ujanja wake uko kwenye mkojo, msicheke! Samaki wengi uchafu wao unatokea kwenye matamvua ukiwa amonia, lakini kwenye maji makali namna hii amonia haitoki vizuri, inamrundikia mwilini mpaka imuue, so huyu anaigeuza yurea, ile ya kwenye mkojo, kama mimi na wewe. Hilo lilichapishwa 1989 na wanabaiolojia wakabaki midomo wazi. Halafu usiku mwani unamaliza oksijeni yote, basi utawaona wamejipanga juu wanagugumia hewa.

Tatizo sasa. Katikati ya chemchemi na chemchemi kuna magadi makavu na jua, kwa hiyo moja ikikauka au mtu akiweka pampu akavuta maji, wa pale ndo basi tena, wataenda wapi? Kuna wanaosema si wahamishwe tu. Walishahamishwa bana, kuanzia miaka ya 1950 walipelekwa Ziwa Nakuru wapunguze mbu, wakazaana kweli, ndege wale wa mwari wakafuata msosi kwa maelfu, watalii wakafurahi. Mimi sikupigia makofi hilo, Nakuru limekuwa ziwa jingine na kule Magadi chemchemi haikuongezeka hata moja.

Ukienda, usikanyage kanyage pale kwenye maji ya kina kifupi. Chuchumaa ukingoni, tulia, utaona dume anachimba kishimo chake kwa mdomo, anatema mchanga pembeni, mwenzake akisogea tu anatimuliwa, na jike akishapita hapo anaondoka na mayai yote mdomoni.