Umaarufu wa Mwalimu na Kazi ya Wanafunzi

Ndugu wasikilizaji, tumezoea kusema kwamba mwalimu wa kiroho hudumu katika kumbukumbu za watu kwa sababu ya unyenyekevu wake. Mimi sikubaliani na kauli hiyo, kwani wanyenyekevu wengi wamezikwa pamoja na elimu yao. Al-Layth bin Saad, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 791, alisifiwa na Imamu Shafii kuwa alimzidi Imamu Malik wa Madina kwa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ila wanafunzi wake hawakumsimamia, yaani hawakuitunza wala kuieneza elimu yake. Na Shafii alijua alisemalo, maana alisoma kwa Malik mwenyewe. Leo madhehebu ya Malik yameenea Afrika Kaskazini na Magharibi, ilhali ya Al-Layth yametoweka.

Basi unyenyekevu una kazi gani? Kwa maoni yangu, kazi yake huonekana pale umati unapokwisha kufika mlangoni. Wapokezi wanasimulia kwamba mtu mmoja alisafiri miezi sita hadi Madina, akiwa ametumwa na watu wa kwao kumuuliza Malik suala moja tu, na Malik akamjibu kwamba halijui. Yule mgeni, kwa fadhaa tunayoweza kuielewa, akauliza atawaambia nini waliomtuma. Akaambiwa awaambie kwamba Malik amesema hajui. Jibu kama hilo ni jepesi kwa mtu asiye na jina. Kwa mwenye jina, kila neno la namna hiyo lina gharama. Tena inasimuliwa kwamba khalifa alipotaka kukifanya kitabu cha Malik, Muwatta, kuwa sheria ya dola nzima, Malik alikataa, akieleza kwamba masahaba walitawanyika katika miji mbalimbali na kila mji umepokea elimu yake.

Hata hivyo, mwalimu hana mamlaka juu ya umaarufu utakaomfuata kaburini. Fransisko wa Assisi, mtawa Mkatoliki wa Italia, aliacha uongozi wa shirika lake la watawa mwaka 1220, na kanuni ya shirika hilo ya mwaka 1223 iliwakataza ndugu zake kumiliki nyumba. Alifariki mwaka 1226. Mwaka 1228 Papa Gregori IX akamtangaza mtakatifu, na mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa basilika kubwa kwa heshima yake. Ni rahisi kuwacheka wajenzi hao, lakini ni ari hiyohiyo iliyowafanya wengine waandike maisha yake, nasi tukapata kumfahamu.

Krishnamurti, mwalimu wa kiroho kutoka India, naye alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1929, huko Uholanzi, mbele ya maelfu waliomngojea kama Mwalimu wa Ulimwengu, yaani mkombozi wa kiroho wa watu wote, alilivunja shirika lililoundwa kwa ajili yake, na mali zilizotolewa zikarudishwa kwa waliozitoa. Watu waliendelea kumiminika kumsikiliza hadi alipofariki mwaka 1986, na nashuku kwamba wengi wao walivutwa na kukataa kwake huko kuliko na lolote alilofundisha.