Namba ya Kidoleni na Miguu ya Baridi

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu wa uuguzi na utabibu, habari za mchana.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, zamu ya usiku, mama mmoja kutoka huku chini Kahe aliniletea mtoto wa miaka miwili, kamfunika kitenge. Homa siku ya tatu, mtoto amelegea. Nikambana kidole kwa kile kipimo chetu cha oksijeni, kikasoma asilimia 97. Nikaandika "oksijeni nzuri", nikageukia kitanda cha pili. Yule mama akasema, "Daktari, mbona miguu yake ya baridi?" Nikamjibu ni ubaridi wa usiku. Kahe na baridi wapi na wapi! Majibu ya maabara yalipokuja, himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, ilikuwa gramu 3.6 katika kila mililita 100 za damu.

Kipimo hakikukosea. Nilikiuliza swali lisilo lake.

Hapa Moshi nani hawajui wapagazi wa mlimani? Kipimo cha kidoleni kinaangalia jambo moja tu: wapagazi wanaopita getini, je, wamebeba? 97 maana yake karibu wote wamebeba. Hakihesabu wako wangapi, wala hakijui kama mzigo umefika kambini. Himoglobini ndiyo idadi ya wapagazi, moyo ndio mwendo wao, na kambi ni ubongo, figo, utumbo, misuli. Tupige hesabu. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye himoglobini 12 ana karibu mililita 16 katika kila mililita 100 za damu. Yule wangu wa Kahe hazikuzidi 5. Kidoleni wote wawili ni 97.

Malaria kali inaongeza balaa jingine: chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za vishipa vidogo, njia zinaziba, hata hao wapagazi wachache hawapiti. Mwili ukikosa oksijeni hutafuta nguvu kwa njia ya mkato, laktati, yaani mabaki ya njia hiyo, inapanda, damu inajaa asidi, na mtoto anaanza kuhema kwa kina. Wengi tukiona kuhema kule tunaandika nimonia kabla hata ya kuweka sikio kifuani. Wenye kipimo cha laktati, ikizidi milimoli 5 kwa lita msilale. Na mrudie kupima, maana inayoshuka na inayopanda ni habari mbili tofauti.

Najua mikono yenu inakimbilia wapi: dripu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulichukua watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na hapa kwetu, wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi: kama asilimia 10.6 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Mtoto aliyekaushwa na kuhara hakuwemo, msije mkanielewa vibaya. Lakini mwenye himoglobini 3.6 anahitaji wapagazi, yaani damu, na anaihitaji usiku uleule.

Zipo mashine za kubandika kwenye paji la uso, zinazopitisha mwanga wa infraredi na kusoma oksijeni iliyobaki kwenye ubongo wenyewe. Nzuri, lakini ghali. Sisi tuanze na kidole gumba, tuone kama damu inafika.

Haya, shika mkono wa jirani yako. Bonyeza kucha ya gumba kwa sekunde 5, iwe nyeupe. Achia, uhesabu hadi wekundu urudi wote. Zikipita 3, gusa miguu, tafuta mapigo: je, ni dhaifu, yanakimbia? Watoto wa Kibosho mwezi wa saba wana miguu ya baridi kwa hali ya hewa tu, kwa hiyo wapashe joto kwanza ndipo upime tena.

Dada wa pale nyuma, unacheka nini? Jirani ana hina? Basi hapo hata kile kipimo cha kidoleni kinaweza kukudanganya. Mtoto wa hivyo mbonyeze kifuani, katikati ya mfupa.