Programu Ikiganda, Usikimbilie Kuizima

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Naanza na jambo ninalolisisitiza kila ninapopewa nafasi: programu ikiganda, usikimbilie kuizima na kuiwasha upya. Ukiiwasha upya huduma inarudi, watu wanapumua, na ushahidi umeshapotea. Programu iliyoanguka huacha walau ujumbe wa kosa. Iliyoganda haisemi kitu. Yote yaliyoisibu yamo kwenye memori, na yanafutika papo hapo unapoiua.

Ushahidi wenyewe ni staki za nyuzi, yaani za mifuatano ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu. Kila uzi una staki yake, inayoonyesha funksheni ipi imeita ipi mpaka pale uzi uliposimama, mara nyingi pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Kuzichukua ni kazi ya sekunde chache. Kwenye Java kuna amri ya jstack, au kill -3, inayotuma ishara ambayo huifanya programu ichape staki zote na kuendelea na kazi. Angalieni hapa: ishara hiyohiyo ukiituma kwa programu ya Go, kwa kawaida itachapa staki kisha itakufa. Kwa Python tumieni py-spy dump. Kwa C na C++, gdb -p na namba ya mchakato, halafu thread apply all bt.

Chukueni nakala tatu za staki hizo, mkipisha sekunde tano au kumi kati yake. Nakala moja inakuonyesha uzi ulipo. Haikuambii kama unasogea.

Kabla ya kusoma, tazameni prosesa. Ikiwa inachemka kwa kazi, huenda hakuna anayemsubiri mwenzake: kuna uzi unazunguka kwenye kitanzi kisichoisha, na amri ya top -H itawatajia namba yake. Ikiwa prosesa imetulia na kazi haziendi, basi nyuzi zinasubiri. Swali ni zinasubiri nini.

Tazameni skrini. Uzi wa malipo umeandikwa BLOCKED, yaani umezuiwa: umeshika kufuli la akaunti (kufuli hushikwa na uzi mmoja tu kwa wakati), unasubiri kufuli la daftari. Teremka chini kidogo. Uzi wa ripoti umeshika la daftari, unasubiri la akaunti. Hakuna atakayeachia, hata mkae hapa mpaka kesho. Mkwamo wa namna hii jstack huugundua yenyewe na kuutangaza. Dawa yake ni kila uzi kuchukua makufuli kwa mpangilio mmoja, siku zote.

Ingekuwa kila tatizo ni hilo, nisingewaita hapa. Linalosumbua zaidi ni lile ambalo hakuna chombo kinachokutangazia. Unafungua nakala, unakuta nyuzi mia mbili zote BLOCKED, na wengi huanza kuzichambua hizo mia mbili. Hizo ni majeruhi tu! Soma anwani ya kufuli zinalolisubiri, kisha tafuta uzi ambao staki yake inasema umelishika. Mara nyingi utaukuta uko RUNNABLE, yaani tayari kukimbia, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu wanadhani unafanya kazi. Tazama funksheni ya juu kabisa kwenye staki: ni ya kusoma soketi, yaani mlango wa mtandao, kama socketRead0 kwenye Java za zamani. Unasubiri jibu kutoka kwenye mtandao, na Java huuita RUNNABLE kwa kuwa umo ndani ya msimbo wa mfumo, nje ya macho yake. Soketi ya Java isipowekewa kikomo cha muda wa kusoma, itasubiri bila mwisho. Kosa liko kwa aliyeita mtandao huku ameshika kufuli, tena bila kikomo.

Kuna na kundi la nyuzi linalojisubiri lenyewe. Nyuzi ishirini, kila mmoja umetuma kazi ndogo kwenye kundi lilelile na kukaa kusubiri matokeo. Kazi ndogo ziko foleni. Wa kuzifanya hayupo. Nyuzi zote zitaonekana WAITING, yaani zinasubiri, bila mkwamo wowote kutangazwa.

Na tafadhali, zipeni nyuzi zenu majina. "pool-3-thread-17" haimsaidii mtu saa nane ya usiku.

Sasa fungueni kompyuta. Kwenye folda ya mafunzo kuna nakala tatu za staki za programu moja iliyoganda. Nitafutieni uzi ulioshika kufuli, na mniambie umesimama mstari gani.