Komenti Nayo Ni Sehemu ya Programu: Mazungumzo na Madevelopa wa Kampala

Bassebo ne bannyabo, ndugu zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kufika na hii jamu ya mjini, najua waliotoka upande wa Mukono wamesota barabarani. Naanza mara moja.

Leo naongelea komenti, yale maneno tunayoandika ndani ya msimbo ili mwenzetu aelewe, na nataka tukae hasa kwenye msimbo wa databesi maana huko komenti ikidanganya madhara yake ni mengine kabisa. Ukikosea jina la funksheni kompaila inakupigia kelele palepale. Ukiacha komenti inayosema kitu ambacho sio kweli tena, kompaila inapita, testi zinapita, riviu nayo inapita, na ile komenti inakaa pale inamngoja mtu. Sasa chukua komenti inayosema "aliyeita funksheni hii ameshachukua loki", yaani kufuli linalozuia wawili wasibadilishe data moja kwa pamoja, na zamani ilikuwa kweli, halafu mtu akabadilisha mahali pengine na loki haichukuliwi tena. Developa mpya anakuja, anasoma, anaamini, anaandika juu yake. Rekodi zinaanza kuharibika moja moja, hakuna erori, na bakapu ya usiku inabeba uharibifu huohuo. Hapa kwetu takwimu za vituo vya afya vya nchi nzima zinaingia DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu za afya, tangu 2012, na DHIS2 inakaa juu ya databesi ya PostgreSQL. Kwa hiyo mtu akisema komenti ni mapambo tu mimi sikubaliani naye hata kidogo.

Tuangalie PostgreSQL yenyewe maana msimbo wake uko wazi kila mtu anaweza kuufungua. Ilianza 1986 pale Berkeley, Marekani, na siku hizi inatoa vasheni kubwa karibu kila mwaka, kwa hiyo ndani mle kuna maneno ya watu wa vizazi tofauti. Vasheni ya 12 ilipotoka 2019 walifungua mlango ili tebo isilazimike kuhifadhiwa kwa njia moja tu, ile inayoitwa heap, na funksheni iliyoitwa heap_open ikawa table_open. Kubadilisha jina kwenye msimbo ni kazi ya dakika chache, kompaila inakusaidia kukuonyesha ulikosahau. Lakini ile sentensi kwenye faili lingine kabisa inayoeleza kwamba "hapa tunasoma heap" nani atakuonyesha? Ama chukua vasheni ya 15, ya 2022. Kabla ya hapo takwimu za matumizi zilikuwa zinatumwa kwa prosesi ya pembeni iliyoitwa stats collector, zinasafiri kwa ujumbe wa mtandao wa UDP, halafu zinaandikwa kwenye mafaili ya muda. Kwenye 15 prosesi ile ikaondolewa kabisa, takwimu zikahamia kwenye memori ya pamoja, na funksheni zilizoitwa pgstat_send hivi na vile zikageuzwa kuwa pgstat_report. Komenti yoyote iliyosema "tunamtumia collector" ikawa inazungumzia kitu ambacho hakipo, na hazikuwa faili moja mbili, neno hilo lilikuwa limesambaa.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Komenti iliyo juu ya mstari wako huwa inapona, macho yako yanaiona wakati unabadilisha. Inayooza ni ile ya mbali, ile iliyoandikwa kwenye faili A kuelezea tabia ya faili B. Ni kama kibao kilichobaki Mukono kinachoelekeza malori yapite juu ya bwawa la Jinja wakati daraja jipya lilishafunguliwa 2018, anayejenga daraja hakioni kibao kile. Kwa hiyo ukibadilisha tabia ya kitu, usiishie kwenye faili ulilolifungua. Chukua jina la zamani, piga git grep, amri ya kutafuta neno, msimbo mzima, README zote (yale mafaili ya maelezo), nyaraka zote, halafu tafuta hata maneno ya kawaida yaliyokuwa yanatumika kukielezea kitu kile, maana komenti mara nyingi haitaji jina la funksheni, inasema tu "collector" ama "ile prosesi". Hii kazi inachosha, najua, lakini wewe uliyebadilisha ndiye pekee mwenye picha kamili kichwani leo. Mwezi ujao hata wewe hutakuwa nayo.

Sasa kuna uozo wa pili ambao unatuhusu zaidi sisi tunaojenga mifumo ya SACCO, shule, hospitali, yaani tunaotumia databesi bila kuiandika. Komenti inakuwa uongo na hakuna mtu aliyegusa faili! Databesi iliyo chini ndiyo imebadilika. Mfano, kwenye migresheni, lile faili la kubadilisha muundo wa databesi, mtu ameandika "usiongeze kolamu yenye default mchana, tebo nzima itaandikwa upya". Kweli kabisa mpaka PostgreSQL 10. Kuanzia 11, ya 2018, kama ile default, yaani thamani inayojazwa yenyewe, haibadiliki kwa kila mstari, tebo haiandikwi upya. Watu wanaendelea kukesha usiku kwa ajili ya sentensi iliyokufa. Na ile ya WITH, kipande cha kwiri kinachopewa jina lake, ni mbaya zaidi: mtu aliandika kwiri akaweka komenti "WITH hii inamzuia plana asichanganye sehemu hizi mbili", plana ni ile sehemu ya databesi inayopanga jinsi ya kuendesha kwiri, akatulia. Vasheni ya 12 ikaja, WITH inayotumika mara moja tu na isiyo na rekashini (kujiita yenyewe) wala madhara ya pembeni ikaanza kuyeyushwa ndani ya kwiri kubwa, ukitaka izuie sharti useme MATERIALIZED. Komenti bado inaahidi, kwiri imeshageuka. Upande wa MySQL nako, kabla ya 8.0.16 ukiandika CHECK, sharti la kukataa data isiyofaa, ilisomwa na kupuuzwa, kwa hiyo komenti za "CHECK haifanyi kazi, hakikisha kwenye programu" ziko nyingi, na toka 2019 sio kweli tena.

Dawa yake? Andika sababu, na andika vasheni. "Tunafanya hivi kwa sababu PostgreSQL 10 inaandika tebo upya" ni komenti ambayo siku ya kuapgredi unaitafuta kwa neno "PostgreSQL 10" unaipata. Mfano mzuri uko ndani ya PostgreSQL kwenyewe, kwenye alama inayoitwa HEAP_MOVED_OFF. VACUUM FULL, amri ya kubana tebo, zamani ilikuwa inahamisha mistari na kuweka alama ile, kuanzia 9.0 ya 2010 VACUUM FULL inaandika tebo upya na alama haiwekwi tena. Komenti inasema wazi kwamba ni ya VACUUM FULL ya kabla ya 9.0 na imebakizwa kwa ajili ya walioapgredi na data zao zilezile. Mstari mmoja, na hakuna kijana atakayeifuta akidhani ni takataka.

Na pale unapoweza, acha mashine ishike ahadi. Badala ya kuandika "loki lazima iwe imeshikwa", PostgreSQL wanaweza kuweka Assert, ukaguzi ulio ndani ya msimbo, yenye LWLockHeldByMe inayouliza kama loki imeshikwa, ukijenga kwa --enable-cassert na loki haipo programu inaanguka mbele yako. Sisi kwenye mifumo yetu tuna CHECK, tuna NOT NULL, tuna testi.

Dada pale mbele ameuliza, basi si bora tusiandike komenti kabisa? Hapana dada yangu. Assert inakwambia loki lazima iwepo, haikwambii kwa nini wakachagua loki ile na sio nyingine, wala kwamba walijaribu njia nyepesi ikagoma. Hilo halisomeki kwenye msimbo hata ukae wiki nzima.

Kaka mwingine ameuliza wapi aanzie. Shusha msimbo wa PostgreSQL, fungua README ya nbtree, ile inayoeleza indeksi za B-tree, isome polepole na mafaili ya C yakiwa wazi pembeni. Kila jina unalokutana nalo litafute, lipo ama halipo. Ukipata sentensi isiyolingana usikimbilie kuisahihisha, tumia git log -S ujue ilibadilika lini na kwa nini, maana huenda komenti ndiyo sahihi na msimbo ndio una kasoro. Ukishathibitisha tuma pachi, yaani marekebisho yako. Na uangalie pia matawi ya nyuma: kila vasheni kubwa inatunzwa miaka 5, kwa hiyo sentensi iliyo kweli kwenye tawi jipya inaweza kuwa uongo kwenye la zamani, eleza kwenye pachi yako inaanzia vasheni gani. Anayefuata, naona mkono pale nyuma, mpeni maiki.