Roseanna na Johnse: posa isiyopelekwa

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za jioni.

Yakitajwa mapenzi yaliyoangamizwa na ugomvi wa koo, wengi hukimbilia Romeo na Juliet. Wale ni watu wa jukwaani. Mimi nimekuja na watu waliozaliwa na kuzikwa: Roseanna McCoy na Johnse Hatfield wa Marekani, karne ya 19.

Koo zao zilipakana kwenye Tug Fork, mto unaotenganisha Kentucky na West Virginia. Mzee Randolph McCoy alikuwa upande wa Kentucky. Ng'ambo alikuwa Anderson Hatfield, aliyejulikana zaidi kama Devil Anse, baba yake Johnse. Januari 1865 aliuawa Asa Harmon McCoy, ndugu yake Randolph, na kidole kikaelekezwa ng'ambo. Mwaka 1878 wakafikishana mahakamani kugombea nguruwe. Randolph akashindwa, na McCoy mmoja akiwa amewaunga mkono akina Hatfield. Kinyongo kikakomaa.

Agosti 1880, siku ya uchaguzi, Roseanna na Johnse wakakutana. Msichana ana miaka 21, mvulana 18. Roseanna hakurudi kwao. Alivuka mto akaenda kukaa kwa akina Hatfield akitarajia ndoa. Devil Anse akakataa katakata. Kwa baba yake nako hakurudiki. Akahamia kwa jamaa yake mwingine, na Johnse akawa anamwendea kwa kificho.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana tumezoea kuisifu siri, eti ndiyo inayokoleza mapenzi. Kwetu posa ikipelekwa kuna mshenga, kuna wazee wa pande zote mbili, kuna mashahidi. Kijana akitaka kuruka ukuta, wapo wa kumuuliza: mwenetu, vipi? Siri inawafuta watu wote hao. Roseanna alishika mimba bila hata mtu mmoja wa kumbana Johnse kwa niaba yake.

Kaka zake wakamkamata Johnse. Husimuliwa kwamba Roseanna aliazima farasi asiye na tandiko, akakata giza hadi kwa Devil Anse, yule yule aliyemkataa, kumwambia mwanao yuko hatarini. Johnse akaokolewa. Kwa akina McCoy, binti yao sasa akawa msaliti. Na aliyeokolewa? Akamwacha. Mtoto akazaliwa, akafa angali mchanga.

Mei 1881 Johnse akaoa. Sikilizeni alimwoa nani: Nancy McCoy, binamu yake Roseanna, binti wa yule yule Asa Harmon aliyeuawa.

Kama jina la McCoy ndilo lililokuwa kikwazo, Nancy alipitaje? Nimelifikiria sana jambo hili, na maoni yangu ni haya: baba yake Nancy alikuwa kaburini. Wa Roseanna alikuwa hai. Waliokuwa hawatakani ni wazee wawili, na kila mmoja angekufa kuliko kumwita mwenzake mkwe. Msichana alilipia deni asilokopa.

Mengine mnayajua au mtayakisia. Agosti 1882, uchaguzi tena, kaka watatu wa Roseanna walimchoma visu Ellison, ndugu wa Devil Anse. Alipokata roho, wote watatu wakafungwa vichakani wakapigwa risasi. Mwaka mpya wa 1888 nyumba ya Randolph ikachomwa moto usiku, wanawe Alifair na Calvin wakauawa. Roseanna naye akafariki miaka ile ile, bado kijana, bila ndoa, bila mtoto. Randolph aliishi hadi 1914, Devil Anse hadi 1921. Mwaka 2003 wazao wa koo hizo mbili walitia saini rasmi tamko la amani, jambo ambalo wazee wale wawili wangeweza kulimaliza kwa posa moja mwaka 1880.

Nakabidhi kipaza sauti. Ningependa waanze wazazi, na swali langu kwao ni hili: yule kijana mliyemkataa mlangoni, mlimkataa yeye au mlimkataa baba yake?