Kofia Nyekundu, Kofia ya Chungwa: Bomba la Sindano la Paka Mwenye Kisukari

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Naomba mnitazame mikononi kwanza. Nimeshika mabomba mawili ya sindano ya insulini. Kwa mlioko nyuma yanaonekana pacha: hili lina kofia nyekundu, hili kofia ya rangi ya chungwa. Ukichukua moja mahali pa lingine, paka wako anaweza kufa. Ndiyo maana leo nimechagua kuzungumzia bomba badala ya dawa. Dawa huelezwa vizuri; bomba mtu hutiliwa kwenye mfuko akaambiwa "mara mbili kwa siku", basi.

Usiku mmoja mama mmoja alinipigia simu. Paka wake alichomwa sindano jioni kama kawaida, na sasa alikuwa anayumba, anagonga miguu ya meza, macho yamekodoka. Sikumuuliza mengi; hizo ni dalili za sukari ya damu iliyoshuka mno. Nilimwuliza kama ana asali ndani. Nikamwambia ampake kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, asimmiminie mdomoni, maana paka aliyelegea hupaliwa upesi. Kisha amlete, na aje na bomba alilotumia.

Alikuja nalo. Kofia nyekundu. Insulini ya paka wake ilikuwa aina iitwayo glargine, ya nguvu ya U-100, na bomba la kofia nyekundu ni la dawa ya U-40, isiyo kali hivyo. Mabomba yake ya siku zote yalikuwa yamekwisha, akaenda kununua mengine, akapewa haya kwa sababu nayo ni ya insulini. Akavuta dawa hadi mstari wa 2, vilevile alivyofundishwa. Paka akaingiziwa yuniti 5.

Alipona, baada ya usiku mzima wa dripu ya glukosi. Lakini kilichoniuma ni karatasi niliyokuwa nimempa mimi mwenyewe. Niliandika "mabomba ya insulini". Sikuandika ya nguvu gani. Mama yule hakukosea hata hatua moja katika yale niliyomwelekeza.

Sasa hesabu yenyewe, na naomba tuende polepole. Insulini ya U-40 ina yuniti 40 katika kila mililita 1. Ya U-100 ina yuniti 100 katika mililita hiyohiyo. Bomba halijui umetia dawa gani ndani yake. Linapima nafasi tu. Kwenye bomba la U-40, mstari wa yuniti 1 ni nafasi ya mililita 0.025. Kwenye la U-100 ni mililita 0.01. Kwa hiyo ukivuta dawa ya U-100 kwa bomba la U-40, kila yuniti unayoisoma ni yuniti 2.5 kwa kweli. Ukigeuza, dawa ya U-40 kwa bomba la U-100, kila yuniti unayoisoma ni 0.4 tu.

Kosa hili la pili halipigi kelele, na kwa hilo naliogopa zaidi. Paka hazimii. Anaendelea tu kunywa maji mengi, anakojoa sana, anakonda huku anakula, na baada ya muda anaanza kutembea visigino vya nyuma vikigusa sakafu kwa sababu mishipa ya fahamu imeathirika. Mwenye paka anarudi kwa daktari, daktari anadhani dozi ni ndogo, anaipandisha. Baada ya mwezi anapandisha tena. Kisha siku moja boksi la mabomba linakwisha, linanunuliwa boksi lililo sahihi, na ile dozi iliyopandishwa inaingia yote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana kabla sijapandisha dozi ya paka yeyote, naomba kwanza kuliona bomba kwa macho yangu.

Insulini nyingi zilizotengenezwa mahsusi kwa wanyama, kama ProZinc na Caninsulin, ni za U-40. Zile za binadamu tunazowapa paka, kama Lantus, ambayo ni glargine, kwa kawaida ni za U-100. Rangi za kofia, nyekundu kwa U-40 na chungwa kwa U-100, ni desturi ya watengenezaji, na inasaidia. Lakini soma maandishi. Chukua kichupa, soma namba. Chukua bomba, soma namba. Zilingane. Zisipolingana, weka vyote chini upige simu.

Wapo wanaotumia bomba la U-100 kwa dawa ya U-40 wakizidisha dozi kwa 2.5. Hesabu ni sahihi. Mimi siipendi, kwa sababu mnachoma alfajiri na usiku, na siku nyingine anayechoma ni shemeji au jirani mliyemwachia paka. Kama daktari wako ameiandika kwenye karatasi, ifuateni, msijitungie.

Mkienda kununua, angalieni pia ukubwa. Paka wengi huanza na yuniti 1 au 2 kila baada ya saa 12. Kwenye bomba la mililita 1 yuniti moja ni uzi mwembamba wa dawa, na mara nyingi kila mstari huwa ni yuniti 2. Chukueni la mililita 0.3, na likipatikana lenye mistari ya nusu yuniti, hilo ndilo la paka. Kuhusu sindano yenyewe, geji ikipanda namba unene unapungua, kwa hiyo 31 ni nyembamba kuliko 29. Urefu wa milimita 8 unawafaa wengi. Ile ya 12.7 ikiwa mikononi mwa anayeanza, mara nyingi hutokea upande wa pili wa ngozi iliyobanwa.

Bomba ni la mara moja. Ncha hujikunja kidogo hata baada ya kuingia mara moja, na sindano iliyokwishaingia mwilini ikirudi kwenye kichupa inapeleka vijidudu humo. Paka anayejificha chini ya kitanda saa ya dawa ikifika, mara nyingi amechomwa na sindano butu.

Kuvuta dawa: nyingi huzungushwa taratibu kati ya viganja, si kutikiswa; zipo ambazo lebo inasema zitikiswe, basi fuateni lebo. Glargine ni angavu, haihitaji chochote. Inueni bomba usawa wa macho, msome ukingo wa mpira ulio karibu na sindano. Kiputo cha hewa chini ya ngozi hakimdhuru paka, lakini kimekalia nafasi ya dawa, na kwa dozi ya yuniti 1 nafasi hiyo si ndogo. Gongeni kwa ukucha, irudisheni hewa, mvute tena.

Kuchoma ndiko mnakokuogopa, na ndiko kwepesi kuliko yote. Mwache ale kwanza. Asipokula, msichome kabla hamjaongea na daktari. Baneni ngozi ya ubavuni iwe kama hema dogo, sindano iingie chini ya hema, sukumeni, toeni. Leo kushoto, kesho kulia. Mkisikia manyoya yamelowa na yananuka dawa, kuna iliyomwagika nje. Msirudie! Hamjui ni kiasi gani kimeingia. Dozi moja iliyopotea paka ataivumilia. Dozi mbili kwa mpigo zinaweza kumuua.

Mabomba yaliyotumika yaende kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, na msijaribu kurudisha kofia, vidole vingi huchomwa hapo.

Mezani nimeweka mabomba ya aina zote mbili, na vichupa vyenye maji matupu. Njooni wawili wawili. Mmoja avute yuniti 1 kwa bomba la chungwa, mwenzake avute yuniti 1 kwa jekundu, kisha muyasimamishe sambamba mtazame urefu wa maji.