Walinilipa kiasi gani? Najibu leo, basi

Assalaam alaykum jamani, na wengine wote hamjambo. Leo sipo Leicester, Uingereza, nipo Wete, Pemba, kwa mama. Mkisikia kitu kinachakarika nyuma yangu ni karafuu zinageuzwa juu ya jamvi, na msimu huu hapa nyumbani hakuna aliyekaa bure ila mimi na simu yangu. Niacheni niseme kabla sijaitwa.

Tangu ile video niliyosema nimetolewa mfuko wa nyongo na nikakubali kuingia kwenye utafiti wa hospitali kule, swali limekuwa hilo hilo kila siku. "Walikulipa kiasi gani?" Mwengine kaandika, "Sema kweli, umeuza mwili." Mwengine, na huyu namjua, wa Chake, kaandika, "Ndio maana karudi na begi kubwa." Begi! Begi lile nusu yake ni viatu vya watoto wa ndugu zangu, na nusu nyengine ni vitu vya watu walionipa nilete, ambao mpaka leo hawajaja kuvichukua.

Nikisema sikulipwa, mtasema najitia wema. Nikisema yaliyonikera, mtasema, "Kaenda Ulaya kisha analalamika, si arudi?" Nimeshazoea, semeni.

Sikulipwa. Nilirudishiwa nauli ya basi ya siku moja niliyokwenda kuulizwa maswali. Na nauli yenyewe nilijazishwa fomu ya kurasa tatu, nikatakiwa nilete tiketi, na mimi basi nimelipia kwa simu, tiketi nitaitoa wapi? Wiki saba. Ikaingia pauni nne na ushei. Hiyo ndiyo bei ya mwili wangu, anayetaka kuja kukopa aje.

Wapo wanaolipwa, nisiwadanganye. Hao ni watu wazima wa afya wanaojitolea kujaribiwa dawa mpya inapoingia mwilini mwa binadamu kwa mara ya kwanza, wanalazwa siku kadhaa na wanalipwa kwa muda wao. Mgonjwa kama mimi, aliyekuja kupasuliwa na kutibiwa kwa njia ambazo tayari zinatumika, kwa kawaida halipwi. Na mimi naona ni sawa. Mtu anadaiwa kodi ya nyumba, ukimwekea fedha mezani karatasi ataisoma saa ngapi?

Tena pesa nilizitoa mimi. Nilipoomba visa ya kumfuata mume wangu, mbali na ada ya visa yenyewe kulikuwa na ada ya matibabu, pauni 1,035 kwa mwaka, na hailipwi kidogo kidogo. Unalipa miaka yote kwa mpigo, hata mguu hujaunyanyua kutoka Zanzibar. Mimi ilikuwa pauni 3,105. Kwa hiyo yule dada anayeniandikia "nyie mnatibiwa bure", shoga, bure hiyo mume wangu kaikopa na bado tunailipa.

Haya, utafiti wenyewe. Nilikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Maumivu ya mawe ya nyongo aliyeyapata namwachia mwenyewe aeleze. Nikala pilau Ijumaa, usiku niko chini sakafuni. Nikasubiri zamu yangu miezi, ikafika, na wiki mbili kabla akanipigia muuguzi wa utafiti. Akaniuliza: unavuta sigara? Sivuti. Umewahi kutapika baada ya nusu kaputi? Sijawahi kupigwa. Unatapika safarini?

Nilicheka mpaka akauliza kama nipo. Nikamwambia mie mtu wa Pemba, nimepanda boti za kwenda Unguja tangu mtoto, na pale mkondo wa Nungwi sijawahi kupita nikabaki na chakula changu tumboni.

Akaniambia basi wewe ndiye tunayekutafuta. Kumbe hesabu hiyo inajulikana zamani. Mwaka 1999 daktari mmoja wa usingizi, Apfel, na wenzake walitoa vigezo vinne vya nani atatapika baada ya operesheni: uwe mwanamke, usiwe mvutaji sigara, uwe umewahi kutapika baada ya nusu kaputi au una ugonjwa wa safari, na uwe utapewa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Huna hata kimoja, hatari ni kama asilimia 10. Unavyo vyote vinne, inafika kama 80. Mimi nilikuwa navyo vyote. Hivi na hivi mtu asiyevuta sigara ndiye anayetapika zaidi, mniambie hapo haki iko wapi.

Wao walitaka kulinganisha dawa mbili za kuzuia kutapika, na zote mbili madaktari wanazitumia siku zote. Kompyuta ndiyo inayopiga kura nani apate ipi. Mimi sikujua nimepata ipi, na aliyekuja kuniuliza kesho yake hakujua. Maana ukijua umepewa ile unayoiamini, tumbo lenyewe hujitia kutulia.

Karatasi ya maelezo ilikuwa kurasa kumi na moja. Nikaomba mkalimani, nikapewa wa kwenye simu, na masikini sijui laini ilikuwa mbovu au vipi, nikamsikia wazi ananiambia, "Watakupa dawa ya kukutapisha." Nikakataa hapo hapo. Muuguzi akashangaa, mbona jana ulikuwa unacheka? Tulikuja kufahamiana baadaye, nilipoisoma mwenyewe polepole na kamusi. Ndani mlikuwa na mstari mmoja ambao kwangu ndio ulioamua: unaweza kujitoa wakati wowote, bila ya kutoa sababu, na matibabu yako hayatabadilika. Niliusoma mara tatu, kisha ndio nikatia saini.

Sasa ngojeni kisa cha jina. Sisi tuna jina langu, la baba, la babu. Watu wa visa walimfanya babu kuwa ndio ukoo wangu. Mimi kwenye fomu ya ridhaa ya utafiti nikaandika jina la baba, kama ninavyoandika maisha yangu yote. Siku ya operesheni nimelala juu ya kitanda cha magurudumu, baridi, sindano imeshaingia mkononi, muuguzi anasoma: nitajie jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, unafanyiwa nini leo. Nikataja. Akatazama utepe wa jina niliofungwa mkononi. Akatazama fomu. Akanitazama mimi. Kila kitu kikasimama. Daktari wa usingizi anatizama saa, mtu kakimbilia ofisini, na mimi nipo na kanzu yao isiyofunga nyuma, naeleza ukoo wa watu wa Pemba. Babu yangu kafariki hajapanda ndege, na siku ile ndiye aliyekuwa anasubiri kutolewa nyongo.

Dakika ishirini. Nilikasirika, sifichi. Lakini yale maswali wanayokuuliza kabla ya kukutia usingizi yalijaribiwa kwanza kwenye hospitali nane za miji nane, na mmoja ni Ifakara. Ifakara hii hii yetu ya Morogoro, pamoja na London, Toronto, Seattle na mengine. Matokeo yakatoka 2009: vifo baada ya operesheni vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa karatasi ya maswali tu, hakuna dawa mpya. Kwa hiyo wanaoniandikia "Waafrika ndio panya wa majaribio", siku zile mgonjwa wa London na wa Ifakara walikuwa ndani ya utafiti mmoja, wanaulizwa maswali yale yale.

Na watu wa Pemba tusijifanye hatuujui utafiti. Nani hapa hajapewa kopo skuli akaambiwa kesho uje nalo na choo? Minyoo yetu imesomwa tangu miaka ya tisini, na Wawi kuna maabara kamili ya Ivo de Carneri tangu 2000. Mimi kopo langu nililisahau kwenye mkoba siku mbili. Tuyaache hayo.

Ami yangu ana ngiri. Mchumaji karafuu, kapanda mikarafuu miaka arubaini, sasa kapangiwa kupasuliwa na amesikia kuwa watu wanatiwa chandarua tumboni. Ananiuliza mimi, kama vile nimesoma udaktari! Nikamwambia ami, jambo lipo, lakini si chandarua cha kitandani kwako. Uganda, hospitali ya Kamuli, waliwapasua wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Nusu walitiwa wavu wa kiwandani wa kuzibia ngiri, wa zaidi ya dola 100, nusu kitambaa cha chandarua kilichokatwa na kusafishwa kitaalamu kuua vijidudu, cha kama dola moja. Baada ya mwaka ngiri ilimrudia mtu mmoja wa upande wa chandarua na hakuna wa upande wa pili, tofauti ndogo mno ya kusema kipi bora. Ikachapishwa 2016. Kilichonipendeza mimi ni kuwa baada ya mwaka zaidi ya asilimia 95 ya wale wanaume walipatikana tena. Mimi wangu waliahidi kuniletea matokeo, na barua nadhani inamtafuta babu.

Ami akanisikiliza, kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mwanzo: "Nitaamka?" Sikumcheka. Utafiti wa 2018 wa nchi 25 za Afrika, wagonjwa elfu kumi na moja na ushei, ulionyesha wanaokufa baada ya operesheni ni kama mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi walikuwa vijana na wazima kuliko wagonjwa wa kwengine. Na wengi wa waliokufa ni baada ya operesheni, wamesharudi wodini. Nikamwambia ngiri nyengine hufanywa kwa ganzi tu bila kulala, amuulize daktari wake, na akishatoka tukae naye, tusiende kunywa chai wote.

Haya ni yangu mie. Mwili wangu, visa yangu, nyongo yangu. Asije mtu akakubali utafiti au akakataa akasema nilimwambia mimi. Na kutapika, kwa mnaouliza, nilitapika mara moja, nikiwa nyumbani, na nadhani ilikuwa supu.

Ngojeni... Ami huyo kafika, ana karatasi ya hospitali mkononi anataka nimsomee. Hiyo siwaonyeshi, ni yake. Nazima.